Je, Misuli ya Mgongo Huficha Asili ya Maradhi?

Mwaka 1864, Marekani ikiwa bado imo katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, tabibu mmoja wa jimbo la Kansas aitwaye Andrew Taylor Still alifiwa na watoto watatu kwa muda mfupi. Ugonjwa uliowaua ulikuwa homa ya uti wa mgongo. Madaktari walioitwa kuwatibu walifanya yote waliyoyajua, lakini waliyoyajua siku zile yalikuwa machache. Zilikuwapo dawa za kutapisha na kuharisha, kasumba, pombe kali, na kalomeli, chumvi ya zebaki ambayo mara nyingi iliwalegeza wagonjwa meno pasipo kuwaponya. Still hakuwalaumu watu. Aliilaumu elimu yenyewe. Akaanza kutafuta njia nyingine, na kwa kuwa alikuwa amezoea kuichunguza mifupa ya wafu kwa mikono yake mwenyewe, aliitafuta katika mifupa. Baadaye aliitaja tarehe 22 Juni, 1874 kuwa ndiyo siku alipolipata wazo aliloliita osteopathia. Mwaka 1892 alifungua shule ya kuifundisha elimu hiyo katika mji mdogo wa Kirksville, jimboni Missouri.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi kulieleza. Mwili, kwa maoni ya Still, ni mtambo uliokamilika. Damu ikipita bila kizuizi na neva zikifanya kazi bila kubanwa, mwili hujiponya wenyewe. Lakini pingili ya uti wa mgongo ikikaa vibaya, ama misuli iliyo kando yake ikikaza, basi mishipa hubanwa, na kiungo kinachohudumiwa na mishipa hiyo huugua, hata kama ni moyo, ini au tumbo. Kazi ya tabibu ni kuipapasa migongo ya wagonjwa, kuitambua kasoro, na kuirudisha pingili mahali pake kwa mikono.

Haifai kumcheka Still. Alipolitoa wazo hilo, Robert Koch alikuwa hajautoa hata uchunguzi wake wa kimeta, ambao ulitokea mwaka 1876. Bakteria wa homa ileile iliyowaua watoto wa watu wengi wa zama zake alitambuliwa mwaka 1887, na Anton Weichselbaum, katika mji wa Vienna. Mtu aliyekataa kumnywesha mtoto zebaki mwaka 1874 alikuwa, kwa vyovyote vile, amemwepusha na madhara. Lakini kukataa tiba mbaya ni jambo moja, na kueleza chanzo cha ugonjwa ni jambo lingine kabisa. Homa ya uti wa mgongo haikushindwa kwa kunyooshwa migongo. Ilipunguzwa makali na dawa za kuua bakteria, kisha ikazuiwa kwa chanjo. Katika ukanda wa Afrika utokao Senegal hadi Ethiopia, chanjo iliyoanza kutolewa kwa wingi Burkina Faso mwaka 2010 iliufanya ugonjwa wa aina ya A, uliokuwa ukiua maelfu katika miaka ya mlipuko, ukaribie kutoweka.

Osteopathia nayo haikubaki pale Still alipoiacha alipofariki mwaka 1917. Huko Marekani wahitimu wake leo ni madaktari kamili, wenye ruhusa ya kupasua na kuandika dawa kama wengine. Uingereza inawatambua kwa sheria ya mwaka 1993 kama wataalamu wa fani yao peke yake. Matabibu wa mikono wa kila namna wanatafutwa duniani kote, na sababu yake ni wazi. Kwa makadirio ya kimataifa, watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini mwaka 2020, na hakuna ugonjwa mwingine uliowalemaza watu kwa miaka mingi zaidi. Kwa hiyo swali la kama nadharia ya Still ina ushahidi si swali la makumbusho. Wapo watu wanaolipa fedha, na wapo wanaochelewa kufika hospitali, kwa kutegemea jibu lake.

Shida ya kwanza ya kulijibu ni kwamba ndani ya neno moja yamefungwa madai kadhaa. Kusema kwamba mahali fulani pa mgongo wa mtu pana maumivu na ugumu usio wa kawaida ni dai moja, na halina ubishi mkubwa. Kusema kwamba ugumu huo hutokana na misuli iliyokazwa na neva zisizotulia ni dai la pili. Dai la tatu, la kwamba kasoro hiyo ndiyo inayoleta maradhi ya viungo vya ndani, liko mbali sana na la kwanza. Ushahidi wa dai la kwanza haulithibitishi la tatu, kama vile kuiona nyayo ya chui bondeni kusivyothibitisha kwamba chui huyo ndiye aliyekula mbuzi wa jirani. Hata hivyo, katika vitabu vingi vya fani hii msomaji huvushwa kutoka dai moja hadi jingine bila kuambiwa kwamba kuna mto katikati.

Picha ya zamani ya mfupa ulioteguka na kuibana neva ndiyo iliyoanguka mapema. Mwaka 1973 Edmund Crelin, mwalimu wa anatomia wa Chuo Kikuu cha Yale, alizijaribu nguvu za kusogeza pingili katika migongo ya maiti ili aone kama neva zitokazo katika matundu ya pembeni zitabanwa. Hazikubanwa. Lengo lake lilikuwa fani iliyo jirani, kiropraktiki, lakini jibu liliwahusu wote waliokuwa wakiitumia picha hiyo. Kwa kweli matabibu wengi wa osteopathia walikwisha kuiacha. Walikuwa wamepata nadharia bora zaidi, na hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini.

Nadharia hiyo ilizaliwa Kirksville kwenyewe, katika miaka ya 1940. John Stedman Denslow, tabibu wa osteopathia aliyechoshwa na maneno matupu, aliamua kupima. Msomaji aliyepata kugongwa na daktari kwa kinyundo chini ya pia ya goti anajua kwamba mguu hujirusha wenyewe bila hiari yake. Habari hutoka katika msuli ulionyoshwa, huingia katika ugwe wa mgongo, yaani ule uzi mnene wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, na papo hapo amri hurudi kwenye msuli bila kusubiri ubongo. Nguvu ndogo kabisa inayotosha kuuamsha mwitiko wa namna hiyo huitwa kizingiti. Denslow alitengeneza chombo cha kubonyeza vichwa vya pingili nyuma ya mgongo kwa shinikizo lililopimwa, huku sindano nyembamba zilizochomwa katika misuli ya kando zikinasa umeme ambao msuli huutoa unapofanya kazi. Alitaka kujua ni shinikizo kiasi gani linalohitajika ili msuli uitike.

Alichokiona kilikuwa cha kweli na hakikutarajiwa. Katika pingili nyingi ilibidi kubonyeza kwa nguvu. Katika chache, hasa zile ambazo mkono ulikuwa umekwisha kuziona kuwa na kasoro, shinikizo dogo lilitosha. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1942 na 1944 katika jarida la fiziolojia ya neva lisilokuwa la osteopathia, jambo ambalo si dogo. Mwaka 1945 alijiunga naye Irvin Korr, mwanafiziolojia mwenye shahada ya udaktari kutoka Princeton na ambaye hakuwa tabibu wa osteopathia. Mwaka 1947, pamoja na mwenzao Krems, walitoa jaribio zuri kuliko yote. Walibonyeza pingili moja huku wakisikiliza misuli ya nyingine. Ikaonekana kwamba ukiibonyeza pingili yenye kizingiti cha juu, misuli ya pingili ya mbali yenye kizingiti cha chini huweza kuitika. Lakini ukiibonyeza hii ya kizingiti cha chini, zile nyingine hunyamaza. Ni kama nyumba ambayo mlango wake haukufungwa sawasawa: upepo ukivuma kutoka upande wowote wa kijiji, mlango huo ndio upigao.

Korr akahitimisha kwamba sehemu hiyo ya ugwe wa mgongo imewekwa katika hali ya kuamka mno. Katika miaka iliyofuata alitafuta dalili za jambo hilo katika neva simpathetiki, zile zinazoendesha moyo, mishipa ya damu na jasho bila hiari ya mtu, kwa kupima jinsi ngozi ya mgongo inavyouzuia umeme. Kutoka hapo alifikia nadharia kubwa. Alisema kwamba sehemu ya ugwe iliyoamka mno hukusanya misukosuko ya mwili mzima, kama lenzi inavyokusanya miale, kisha huielekeza kwenye misuli, mishipa ya damu na viungo vya ndani vinavyohudumiwa na sehemu hiyo, mpaka viugue.

Hapa ndipo mto ulipo. Majaribio ya Denslow na Korr yalionyesha tofauti ya vizingiti katika misuli ya mgongo. Hayakuonyesha kwamba tofauti hiyo ilimfanya mtu yeyote augue moyo au figo. Njia iliyothibitika vizuri ni ya kinyume chake. Tangu Henry Head alipoandika juu ya jambo hilo mwaka 1893, imejulikana kwamba kiungo cha ndani kilichougua huleta maumivu na wepesi wa kuumia katika ngozi na misuli inayoshiriki nacho sehemu moja ya ugwe. Ndiyo sababu mgonjwa wa moyo huhisi maumivu katika mkono wa kushoto. Kwa hiyo tabibu anayekuta ugumu katika mgongo wa mgonjwa wa tumbo hajakuta chanzo. Yamkini amekuta matokeo. Akiunyoosha mgongo huo na kuliacha tumbo, amezima kengele na kuuacha moto.

Je, upande wa pili umepata kujaribiwa? Umejaribiwa, na kwa ustadi mkubwa. Akio Sato wa Japani alitumia miaka mingi kuwachunguza wanyama waliotiwa usingizi. Yeye na Robert Schmidt waliikusanya elimu hiyo katika makala mashuhuri ya mwaka 1973. Ngozi ya mnyama ikifinywa, mapigo ya moyo hubadilika; ngozi ya tumbo ikifinywa, mwendo wa tumbo la chakula hupungua. Mwaka 1984 yeye na Rand Swenson walizisukuma kwa upande pingili za panya, wakaona shinikizo la damu na kazi ya neva za figo vikibadilika. Kwa hiyo njia za neva kutoka mgongoni hadi viungoni zipo. Still na Korr hawakuota. Lakini mabadiliko hayo hufuata kichocheo na kupita nacho, kama mtu anavyoshtuka akimwagiwa maji ya baridi kisha akatulia. Shtuko la dakika chache si ugonjwa wa miaka. Hakuna aliyeonyesha hatua zinazotoka kwenye la kwanza hadi la pili.

Wenyewe hawakuwa wajinga wa pengo hilo. Mwezi Februari 1975 taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa magonjwa ya neva iliwakutanisha huko Bethesda, Maryland, wanasayansi, madaktari, matabibu wa osteopathia na wa kiropraktiki. Mhariri wa kumbukumbu za mkutano huo, Murray Goldstein, alikuwa mwenyewe mhitimu wa osteopathia. Hata hivyo iliandikwa bayana kwamba maandiko ya kisayansi ya wakati huo hayakutosha kutoa hukumu, ama ya kuunga mkono ama ya kupinga, juu ya faida ya tiba hiyo na juu ya misingi iliyodaiwa kuieleza. Ni jambo la heshima kwa fani kuandika hivyo juu yake yenyewe.

Mwaka huohuo Korr alitoa maelezo mapya juu ya misuli. Ndani ya kila msuli mna vipokezi vidogo vinavyopima jinsi msuli unavyonyoshwa, na neva nyembamba ziitwazo za gama huvikaza au kuvilegeza vipokezi hivyo. Korr alidhani kwamba neva za gama zikizidisha kazi, vipokezi hutoa taarifa ya uongo kwamba msuli umenyoshwa mno. Ugwe huuamuru msuli ujikunje, na msuli unabaki umekaza pasipo sababu. Maelezo hayo yalipendwa kwa sababu yanaafikiana na kile ambacho kidole husikia. Pia yana sifa njema ya kisayansi, kwa maana yanaweza kukanushwa. Kama msuli umekaza kwa amri ya neva, basi lazima utoe umeme hata mtu akiwa amelala ametulia, na umeme huo waweza kupimwa.

Ukapimwa. Mtafiti wa Australia, Gary Fryer, naye akiwa tabibu wa osteopathia, alianza kwa kuuliza swali dogo: je, sehemu ambazo vidole huzitaja kuwa na kasoro zinauma zaidi zikibonyezwa? Mwaka 2004 yeye na wenzake walijibu kwamba ndiyo, zinauma kwa shinikizo dogo kuliko sehemu za jirani. Kisha wakaendelea. Mwaka 2010, wakichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa osteopathia wa Marekani, walitoa matokeo ya kupenyeza nyuzi laini za umeme ndani ya misuli ya kina ya mgongo wa juu, katika sehemu zilizoonekana kuwa na kasoro na zilizoonekana kuwa nzima. Misuli ilipotulia, umeme haukutofautiana. Sehemu iliyosikika ngumu haikuwa ikifanya kazi zaidi ya nyingine. Maumivu yalikuwapo, mkazo ulioagizwa na neva haukuonekana. Jaribio hilo lilifanywa na watu waliolelewa ndani ya nadharia yenyewe, nao waliliandika kama lilivyotokea. Mwanafunzi anayetaka kujua sayansi ni tabia gani na alisome hilo kabla ya kusoma maisha ya Newton.

Ajabu zaidi ni kwamba misuli ya mgongo kweli huharibika mtu anapoumwa, ila kwa namna iliyo kinyume cha ilivyodhaniwa. Mwaka 1994 Julie Hides na wenzake, huko Queensland, waliwapima kwa mawimbi ya sauti wagonjwa 26 waliopatwa na maumivu ya upande mmoja wa kiuno kwa mara ya kwanza. Walitazama msuli wa kina uitwao multifidasi, ambao huishikilia pingili moja na nyingine. Kwa watu wazima 51 waliolinganishwa nao, pande mbili za msuli huo zilitofautiana kwa asilimia 3 tu. Kwa wagonjwa, upande unaouma ulikuwa mdogo kuliko mwenzake kwa asilimia 31, na hasa mahali pa pingili moja. Msuli haukuwa umevimba kwa kukaza, ulikuwa umesinyaa. Miaka 2 baadaye walionyesha kwamba maumivu hupoa yenyewe katika majuma machache, lakini msuli haurudi wenyewe. Kati ya wagonjwa 39 waliofuatiliwa, wale waliofundishwa mazoezi maalumu ya msuli huo waliupata tena, na taarifa ya mwaka 2001 ilisema kwamba katika mwaka wa kwanza maumivu yaliwarudia asilimia 30 yao, ilhali wasiofanya mazoezi yaliwarudia asilimia 84. Wagonjwa 39 ni wachache, na idadi kama hiyo haimpi mtu ruhusa ya kupiga vigelegele. Lakini mwaka 2006 Paul Hodges na wenzake waliwajeruhi nguruwe sahani ya katikati ya pingili, ama neva, na wakaona multifidasi ikisinyaa katika muda wa siku 3 tu. Kasi hiyo ni kubwa mno kuelezwa kwa uvivu wa kutotembea. Kuna kitu ambacho neva zinafanya hapo.

Korr, basi, hakukosea yote. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha katika panya kwamba jeraha likiumiza vya kutosha, ugwe wa mgongo wenyewe hubaki umeamka, na miguso iliyokuwa haiumi huanza kuamsha mwitiko wa maumivu. Wazo la ugwe unaokumbuka jeraha limekuwa nguzo ya elimu ya maumivu. Kilichoshindwa ni yale yaliyopachikwa juu yake, kwamba kumbukumbu hiyo hukaza misuli daima, kwamba hukaa katika pingili moja ambayo kidole kinaweza kuionyesha, na kwamba huyaleta maradhi ya viungo vya ndani.

Watetezi hujibu kwamba haya ni mabishano ya maabara, na kwamba wagonjwa hupona. Jibu hilo linahitaji kupimwa nalo. Mwaka 1999 wagonjwa 178 wa maumivu ya mgongo huko Marekani waligawanywa kwa kura, wengine wakatibiwa kwa osteopathia na wengine kwa njia za kawaida za hospitali. Baada ya majuma 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawa, ila waliotibiwa kwa mikono walitumia dawa chache zaidi, na hiyo si faida ya kudharauliwa. Uingereza, mwaka 2004, jaribio kubwa la wagonjwa 1,334 lilionyesha kwamba tiba ya mikono huongeza nafuu ya kiasi kwa miezi 3, na ndogo zaidi baada ya mwaka. Ufaransa, mwaka 2021, watafiti waliwagawa watu 400 wenye maumivu ya kiuno kati ya tiba halisi ya osteopathia na tiba ya kuiga, ambamo tabibu aligusa tu kwa wepesi. Tofauti katika uwezo wa kufanya kazi za kila siku ilikuwa alama 3.4 katika kipimo cha alama 100. Hesabu inaiona, mgonjwa aghalabu haioni. Kuhusu maradhi ya ndani hali ni dhaifu zaidi. Jaribio la mwaka 2010 la wazee 406 wenye homa ya mapafu halikuonyesha tofauti ya maana walipohesabiwa wote walioandikishwa.

Hata kama nafuu ingalikuwa kubwa, isingalithibitisha nadharia. Mtu aliyekandwa barabara na mkono wa joto, akasikilizwa kwa nusu saa na kuambiwa kwamba shida yake imejulikana, hupata nafuu kwa sababu nyingi, na maumivu mengi ya mgongo hupungua yenyewe. Kila mtu aliyekulia pwani au bara anamjua mkandaji hodari ambaye kamwe hakusikia jina la Korr.

Hukumu ya haki ni kwamba tabibu wa mikono anayewahudumia wenye maumivu ya kiuno, akajua dalili za hatari na kuwapeleka hospitali wanaostahili, anafanya kazi halali yenye faida ndogo iliyopimwa. Yule anayedai kutibu pumu, kisukari au homa ya mtoto kwa kurekebisha pingili anauza kitu asichokuwa nacho. Na yupo wa tatu asiyestahili kusalimika, naye ni daktari anayeitazama picha ya eksirei, asione kitu, akamwambia mkulima asiyeweza kuinama kwamba hana ugonjwa. Multifidasi iliyosinyaa haionekani katika eksirei. Mgonjwa aliyefukuzwa namna hiyo ndiye anayekwenda kwa yule wa pili.

Lakini yote yaliyotangulia yanategemea mkono, na jambo hilo darasa lolote laweza kulijaribu bila maabara. Mwaka 2004 Michael Seffinger na wenzake waliukusanya utafiti juu ya upapasaji wa mgongo. Walikuta kwamba wapapasaji hukubaliana vizuri zaidi wanapomuuliza mgonjwa ni wapi panapouma, na vibaya wanapotegemea ugumu wa misuli unaosikika vidoleni. Mwalimu na awachague wanafunzi wawili, kila mmoja kwa zamu aupapase mgongo wa mwenzao wa tatu, aliyevaa shati, na kuandika katika karatasi, bila kuonyesha, kwa kila moja ya pingili 12 za kifuani, kama kando yake ni pagumu au la. Kisha wahesabu ni mara ngapi wamekubaliana. Huenda wakafurahi kuona kwamba wamekubaliana mara 8 kati ya 12. Hapo mwalimu awaulize ni mara ngapi wangalikubaliana kama wangaliandika kwa kubahatisha. Ikiwa kila mmoja anaandika «si pagumu» mara 8 katika kila 10, bahati peke yake huwapa makubaliano ya asilimia 64 kwa upande wa «si pagumu» na asilimia 4 kwa upande wa «pagumu», jumla asilimia 68. Nane kati ya 12 ni asilimia 67.